Sauti Iliyokata Kona ya Zahanati

Jumanne saa tisa alasiri Josepha alikuwa jikoni kwake, kijijini Rusabiko, akichambua maharage, sauti ya mwenyekiti wa kijiji ikatokea nyuma ya ndoo ya maji. Ilisema kwamba shamba la mjane, lile la bondeni, apewe Obedi apande miti. Mjane mwenyewe hana karatasi, atasumbua wiki mbili kisha atanyamaza. Obedi ni shemeji yake mwenyekiti. Mjane ni Josepha. Shamba lina mihogo ya miaka miwili na kaburi la mumewe.

Josepha akatoa kokoto kwenye maharage, akaongeza maji chunguni.

Ofisi ya kijiji iko ng'ambo ya kilima, na katikati kuna zahanati na mikaratusi. Sauti ilikuwa imetoka kwenye ufa wa dirisha, ikatanuka, ikakata kona ya zahanati na kushuka bondeni bila kudondosha neno. Ilikuwa ikifanya hivyo tangu masika. Watu walishaizoea, na wengine walipanga muda wa kupika ili isiwapite.

Kesho yake asubuhi alikwenda ofisini, akasalimia.

"Mwakeye, mwenyekiti. Nimesikia mnaligawa shamba langu."

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

Mwenyekiti, Mzee Ildefonce, hakuamini. Alimshuku Recho, katibu wake, kwa sababu Recho ni mkimya mno, na mtu mkimya kiasi hicho lazima ana pa kuyapeleka maneno. Akampekua mkoba. Akakusanya simu za wajumbe wote ndani ya ndoo. Kisha akapigilia mbao madirisha yote, akaacha mlango wazi kiasi cha kiganja.

Kikao kilichofuata kilisikika sokoni Heru Juu, na kambini Nyarugusu pia, ambako mama mmoja Mkongomani aliyekuwa akianika nguo alimuuliza jirani yake, "Ile mama wanamunyanganya shamba, kweli?"

Mwenyekiti akafunga mlango kwa ufunguo na kuziba nyufa kwa matambara. Likabaki tundu la ufunguo tu. Siku hiyo maneno yalifika mpakani Manyovu. Dereva wa lori aitwaye Ndihokubwayo, ambaye hajawahi kukanyaga Rusabiko, alimtumia Josepha mche wa sabuni kwa bodaboda, na salamu za pole.

Josepha akapata moyo. Shauri lake la shamba lilipangwa kusikilizwa ofisini Jumatatu, na mashahidi alikuwa nao hadi Manyovu. Kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe alilala usingizi wa kutosha.

Mwenyekiti naye akahamishia shaka kwa Mwalimu Elisante, anayefundisha fizikia sekondari. Mwalimu ni mtu wa Same, si wa hapa, na nyumba anayokaa ni ya kijiji. Alipoitwa alikuja na beseni la maji na matofali mawili. Akayasimamisha matofali majini na kuacha upenyo katikati yake.

"Upenyo ukiwa mdogo, mwenyekiti, wimbi likishatoka linatanuka kila upande. Kadiri unavyobana, ndivyo linavyosambaa."

"Na nikiachia?"

"Ukiwa mpana linapita moja kwa moja. Pembeni haliendi sana."

Mwenyekiti akayasogeza matofali yaachane. "Asante, mwalimu. Ile nyumba endelea kukaa tu."

Wakati anamwaga maji ndipo mwalimu alipoelewa alichokuwa amekisema. Hakurudi kumzuia mwenyekiti. Fizikia yake ilikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloudhi.

Jumatatu watu walikuta ukuta wa mbele wa ofisi umebomolewa kutoka pembe hadi pembe. Ofisa mmoja mgeni alipiga picha, akausifu uongozi kwa uwazi. Mbele kabisa, katikati, liliwekwa benchi la wageni, na Obedi akakaa hapo. Wanakijiji walielekezwa pembeni, kwenye kivuli, wasiungue jua. Nani angekataa kivuli?

Maneno yalitoka kwa upana wa ukuta mzima, yakapita juu ya benchi na kwenda zake kilimani, ambako hakuna mtu. Waliokaa pembeni waliona midomo ikicheza. Josepha, na mashahidi arobaini na mmoja nyuma yake, alisubiri jina lake. Alipotaka kusogea mbele, mgambo alimwambia kwa upole kwamba pale ni kwa wageni.

Muhtasari ulioandikwa na Recho unasema mlalamikaji aliitwa mara tatu, na hakuwa na pingamizi.

Jioni jiko lilikuwa kimya. Josepha aliisogeza ndoo ya maji, akatega sikio nyuma yake. Binti yake Claudine alikuwa akipuliza moto.

"Wamesemaje, mama?"

"Sijui," alisema Josepha. "Leo walikuwa wamefungua kila kitu."