Meza Kando ya Kitanda

...au nichanganye, amesema bosi wangu Odeta, siku nyingine nyumbani, siku nyingine ofisini, nichague mwenyewe, na sasa sura yake imetulia kwenye kompyuta, nyuma yake, huko kwake Kisesa, jogoo anawika katikati ya kikao bila kuomba nafasi, na mimi nimezima maiki kama mtu anayetafuta faili, sitafuti kitu, natazama kitanda, meza bado iko pale pale nilipoisogeza mke wangu Justa aliposhindwa kukaa, ili nichore ramani za mabomba ya maji huku nikimsikia akipumua, nikiongea na wenzangu kwa kunong'ona nisimwamshe, naye kumbe yuko macho, ananiambia, ongea kwa sauti, mume wangu, mgonjwa ni mimi, si mabomba... bosi gani mwingine angeniacha nifanyie kazi hapa, shemeji yangu Luhende yuko kiwanda cha samaki, pale unaingia na kutoka kwa alama ya kidole, hadi anapata ruhusa ya kuja kumwona dada yake tulikuwa tumeshafunga maturubai ya msiba, mimi nilikuwa hapa, mkono wa Justa juu ya goti langu, ramani ya Butimba imechorwa nusu, na Odeta hakuwahi kuniambia niwashe kamera, hakuuliza nimeanza saa ngapi, aliuliza ramani itakuwa tayari lini, nikamwambia, akaamini, na kuamini namna hiyo ni kazi ngumu, nimewahi kusimamia watu, nilishindwa kulala... mwenzetu Mihayo anadakia kwamba nisirudi ofisini, kiti changu amekirithi na mirathi hairudishwi, wanacheka, kisha wanakumbuka, kicheko kinakatika, maskini Mihayo, afadhali angeendelea, Justa angemjibu... jana nilimwandikia Odeta anipangie, akisema njoo nitakuja nikimnung'unikia, akisema baki nitabaki nikimshukuru, kwa vyovyote asiyekuwa mimi ndiye atakuwa ameamua kuhusu chumba hiki, naye leo, mbele ya wote, kwa upole,

"Kaka Antoni, hilo sitakupangia. Nitasubiri."

na kweli anasubiri, nilidhani ni huruma ya msiba, lakini hata mwenzetu Winnie anaanza kazi mtoto akishanyonya, mwaka wa pili sasa, hakuna aliyemfuata na saa mkononi, na michoro yake haina kosa, basi ni heshima tu, ile ile anayompa kila mtu, ndiyo maana nzito, haikubebi, inakuacha usimame... kitanda kimetandikwa, chumbani ninapumua peke yangu, jogoo kanyamaza, Odeta bado ananitazama, maiki bado imezimwa, nitamwambia kesho ninakuja, keshokutwa sijui, keshokutwa nitaamka, nitakaa ukingoni mwa kitanda, upande wangu, nitaamua.