Watu Hawali Bendera

Netta Lownie aliinama, akapenyeza vidole chini ya shina lililonyauka, akalivuta taratibu hadi likatoka zima: majani, mizizi, kiazi mama kilichooza na vitoto vyake vilivyoning'inia. Akavitia vyote kwenye gunia lililokuwa begani. Viazi vya mbegu havina masihara. Ukiacha hata kitoto kimoja udongoni, ugonjwa unabaki shambani, na mkaguzi wa serikali akija unaanza kutafuta pa kujificha.

"Netta! Umefikiria?"

Alikuwa Ruaridh Pattullo, mwenye shamba, amesimama mwisho wa tuta na buti zake safi. Netta hakugeuka. Alimjua bosi huyu tangu akiwa mtoto anayelia kwa kuumwa na nyigu kwenye banda la trekta la baba yake, na alijua kwamba akinyamaziwa kidogo ataendelea mwenyewe.

"Watu wa televisheni wanafika ukumbini leo jioni. Waziri naye anakuja. Mimi nikisema soko lifunguliwe, wataona ni tajiri anayelilia faida yake. Ukisema wewe, watasikiliza."

"Niseme nini?"

"Ukweli tu. Kwamba ulikosea."

Alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliomkera Netta. Afadhali angefoka.

Hapa Balmeath kila mtu anaijua habari ya Netta na televisheni, na wengi wetu tulicheka naye kabla hatujaanza kumcheka. Ilikuwa majira ya joto ya ile kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Mwandishi mmoja kijana aliegesha gari kando ya shamba, akamuuliza mama mwenye tope usoni: je, Ulaya wakikataa kununua mbegu zetu? Netta akacheka kwa sauti, gunia begani. "Watanunua tu, mwanangu. Watu hawali bendera."

Basi. Maneno matatu hayo yakaruka mbali kuliko yeye. Yalichapwa kwenye fulana, yakachapwa kwenye vikombe vya chai, na mdogo wake Dod, dereva wa lori, akayabandika kwenye kioo cha mbele, juu ya usukani. Kura ikapigwa, tukatoka. Halafu ikaja kanuni ya kule ng'ambo kwamba kiazi cha mbegu kutoka kwetu hakiingii tena, kiwe kizima kama yai au la. Wanunuzi wa miaka yote, watu waliokuwa wakituma kadi za Krismasi, wakaomba radhi kwa simu na kukata. Hapo yale maneno matatu yakaanza safari ya kurudi. Mtu aliyaandika kwa rangi kwenye geti la Netta, lile la kuingilia shambani. Kila mwaka kumbukumbu ya siku ile ya kura ilipowadia, mwandishi alikuja kubisha mlango, na kila mwaka Netta alizima taa ya jikoni akakaa sakafuni mpaka gari liondoke.

Sasa Pattullo alikuwa amefika mwisho. Soko lisipofunguliwa, mwakani analima shayiri ya wiski. Shayiri haina haja ya watu wa kutembea matutani wakitafuta mashina yenye ugonjwa. Na nyumba anayokaa Netta na Dod, ile ya mawe yenye bomba la moshi lililopinda, ni ya shamba. Hupewa kiongozi wa wang'oaji, naye ndiye Netta. Hakuna kung'oa, hakuna nyumba. Pattullo hakulisema hilo. Hakuhitaji kulisema, dirisha la jikoni la Netta lilionekana kutoka pale aliposimama.

"Nitakuja," Netta alisema. "Sasa toka hapo, unakanyaga tuta."

Alipobaki peke yake aliendelea polepole, jua likiwa mgongoni kama inavyotakiwa. Katikati ya shamba aliona shina ambalo hakulielewa. Majani ya juu yalikuwa yamejikunja kidogo tu. Huenda ni ugonjwa, huenda ni upepo wa baharini. Akachomeka kijiti pembeni yake.

Hiyo ndiyo desturi ya wang'oaji. Usipokuwa na hakika hung'oi. Unachomeka kijiti, na kesho yake unakuja na mwenzako, mnaangalia wawili, mnakata shauri wawili. Kwa miaka mingi mwenzake alikuwa Stoyanka, Mbulgaria mwenye mabega mapana na mdomo usiotulia, aliyetembea tuta la pili sambamba naye tangu Juni hadi mwisho wa Julai. Walibishana juu ya mashina kama watu wanaobishania mchumba. "Mgonjwa huyu, dada Netta." "Mzima. Wewe ndiye mgonjwa." Sasa Stoyanka hayupo, na Netta hukata shauri peke yake, na usiku huota mashina aliyoyaacha.

Nyumbani alimkuta Dod ameketi na pai ya nyama mkononi, mto umeegemezwa kiunoni. Mgongo wake ulikuwa umechoka kuendesha tangu zamani, na safari za bandarini zilipokatika mgongo nao ukapata sababu ya kuuma.

"Nimesikia unakwenda," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Kijiji kizima. Wamekwisha panga viti." Akaweka pai chini. "Dada, ukisema ulikosea, si wewe tu. Ni mimi. Mimi ndiye niliyezunguka na maneno yako kutoka hapa mpaka Dover. Nimepigana baa kwa ajili yako."

"Ulipigana kwa sababu ulikuwa umelewa."

"Hata hivyo!" Nusura acheke, akajizuia. "Wanataka upige magoti tu. Viazi si shida yao."

"Na nyumba, Dod?"

Dod aliangalia dari, pale penye doa la unyevu ambalo kila mwaka alikuwa akiahidi kulipaka rangi.

Ukumbi wa kijiji ulijaa mpaka watu wakasimama karibu na masinia ya chai. Waliopiga kura ya kutoka walikaa kushoto na waliotaka kubaki walikaa kulia, ingawa hakuna aliyewapangia. Mke wa mchinjaji alimwita mwalimu mstaafu kibaraka wa Ulaya. Mwalimu akamuuliza ule uhuru wake unauzwa bei gani kwa kilo. Mzee mmoja alipiga kelele kwamba shida si kutoka, shida ni waliotutoa hawakujua njia. Wengine wakapiga makofi, wengine wakazomea. Waziri alitikisa kichwa kwa kila mtu.

Kisha wakazima taa, na juu ya ukuta akatokea Netta mwenye umri mdogo, mwenye tope usoni, akicheka. *Watu hawali bendera.* Kulia wakacheka. Kushoto wakanyamaza. Netta wa kwenye kiti alihisi masikio yakiwaka moto. Alitamani yule mwanamke wa ukutani afunge mdomo, na papo hapo akamwonea wivu, maana alikuwa anacheka kwa raha.

Mtangazaji alimsogezea kipaza sauti. "Mama Lownie, nchi nzima inakujua. Leo unasemaje? Ulikosea, ndiyo au hapana?"

Netta alimwona Pattullo amekunja mikono, macho yakimsihi. Alimwona Dod mlangoni, amesimama kwa sababu viti vya pale vinamuumiza, kofia mkononi kama mtu aliye msibani.

"Nilikosea," alisema.

Upande wa kulia ulilipuka kwa makofi. Kushoto mtu alisukuma kiti chake akatoka. Netta aliinua mkono, ule wenye kucha zisizotakata.

"Ngojeni, sijamaliza. Kuhusu viazi nilikosea, haya, andikeni. Lakini viazi havininyimi usingizi. Asubuhi baada ya kura tulikuwa matutani, mimi na Stoyanka. Wengine mnamkumbuka. Akaniuliza, 'Dada Netta, nikae au niondoke?' Ananiuliza mimi, niliyepiga kura ya kutoka. Nikamwambia, 'Wewe angalia tuta lako, mambo haya hayakuhusu.' Hayakuhusu! Hakunibishia. Mtu aliyenibishia kila shina, siku ile hakusema neno. Msimu ulipoisha akaniachia glovu zake juu ya geti, akaenda, hajarudi. Sikumwambia kaa. Ningeweza kusema kaa. Neno fupi tu, nilikuwa nalo mdomoni..."

"Asante sana, Mama Lownie," mtangazaji alisema kwa huruma, akitazama saa. "Mheshimiwa Waziri, umesikia: alikosea."

Waziri alisema amesikia. Alisema mazungumzo yanaendelea. Alikula kipande cha keki, akapiga picha na mke wa mchinjaji, akapanda gari.

Kabla Netta hajavua koti nyumbani, alikuwa tayari kwenye simu za watu wote: uso mmoja, neno moja, *Nilikosea*, na makofi. Stoyanka hakuwemo. Glovu hazikuwemo. Dod alipita jikoni bila kumwangalia, akafunga mlango wa chumba chake taratibu, na Netta angependelea aubamize.

Asubuhi Pattullo alikuja mapema, kabla ya mkaguzi. Hakuvaa buti. Alisimama kwenye lami.

"Ulisema vizuri jana, Netta. Sitasahau."

"Lakini?"

"Waziri alinipigia akiwa njiani. Si mwaka huu. Labda wala si mwakani." Akajikuna shingo. "Nimewakubalia watu wa shayiri. Nyumba kaeni mpaka majira ya kuchipua. Baba yangu angefanya hivyohivyo, unajua."

"Baba yako angekuja mpaka huku tutani," Netta alisema.

Pattullo aliangalia viatu vyake, kisha akarudi kwenye gari. Netta alivaa gunia. Hakulia, hasira ilikuwa imemjaa mpaka machozi yakakosa nafasi. Alikuwa ameyasema ya upande huu na akakosa, akayasema ya upande ule na akakosa pia, na katikati pale ambapo alikuwa na jambo la kusema hapakuwa na mtu wa kusikiliza. Akaenda kutembea, kwa kuwa shamba lilikuwa bado na wagonjwa na mkaguzi alikuwa anakuja, shayiri au hakuna shayiri.

Alikuwa karibu na kijiti aliposikia nyayo nzito nyuma yake. Dod alikuwa anakuja kwenye tuta la pili, mkono kiunoni, akitembea kama anayevuka mto. Glovu alizovaa zilikuwa za Stoyanka. Netta alikuwa amezitundika nyuma ya mlango miaka yote hiyo na hakudhani kama Dod aliwahi kuziona.

"Unaenda vibaya," Netta alisema. "Jua liwe mgongoni."

Dod akageuka, akazunguka, akaja kusimama upande wake. Alionyesha kijiti kwa kidevu.

"Huyu ana nini?"

"Sijui. Ndiyo maana kuna kijiti. Wanaangalia wawili."

"Mimi sijui kitu, dada. Mimi dereva."

"Angalia tu."

Dod aliinama kwa shida, akashika jani kwa vidole viwili vinene vya ile glovu iliyombana. Alilitazama mbele, akaligeuza, akalitazama nyuma. Kule barabarani gari jeupe la mkaguzi lilikuwa linapunguza mwendo getini, pale penye maneno ya rangi ambayo mvua haijafaulu kuyafuta.

"Naona ni mzima," alisema.

"Angalia tena."

Akaangalia tena. Netta naye akapiga goti upande wa pili wa shina, vichwa vyao karibu kugusana, na geti likasikika likifunguliwa.