Hedifoni za Tauno na Zamu ya Jumamosi

Kwa miaka kumi na tisa sauna ya chini ya ghorofa, chumba cha kuogea mvuke, ilikuwa ya Tauno kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni, na sasa Lahja, jirani wa mlango wa pili, alikuwa ameiomba zamu hiyo kwa barua yenye adabu ya kuudhi. Wenye nyumba wangeamua kwa mkutano wa mtandaoni, maana ukumbi ulikuwa unapakwa rangi.

Hapo ndipo penye kazi. Kompyuta ya Tauno ilitumia mfumo huria, uliotengenezwa na watu wa kujitolea, naye aliusifu kama mtu anavyomsifu mkwe aliyemchagua mwenyewe. Maiki ya ndani ya kompyuta aliing'oa kwa bisibisi, asije akasikilizwa na wakubwa wa dunia. Zikabaki hedifoni zisizo na waya, na kwenye mfumo ule zilikuwa na tabia moja: ukiwasikia wenzako, wao hawakusikii; wakikusikia, wewe husikii kitu, na kuhama upande ni kwa kubonyeza. Aliomba msaada kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wenzake. Akajibiwa na mmoja tu: "Kwangu zinafanya kazi vizuri."

"Si uchukue simu yangu?" akasema Sirkka, mkewe.

"Simu yako mpelelezi."

"Atapeleleza nini, mzee wangu? Soksi zako?"

Sirkka akaenda na simu yake jikoni.

Mkutano ulipoanza, Tauno alichagua kusikia. Alimsikia Lahja vizuri mno, mpaka kijiko kikigonga kikombe cha kahawa. "Magoti yananiuma, jamani, na Jumamosi ndiyo wajukuu huja."

Watu wakaguna kwa huruma. Tauno akaona zamu inaondoka. Akabonyeza, akahamia kwenye kusema.

Akasema dakika kumi na moja! Akasema majani anayojichapia Lahja humo saunani ndiyo yanayoziba mifereji. Akasema magoti hayo hayo yalicheza dansi ya tango usiku kucha sikukuu ya kiangazi. Kwenye kioo cha kompyuta watu walitabasamu, kisha wakaacha. Mwenyekiti Veijo alipunga mikono. Tauno akajua maneno yamemwingia. Sirkka naye alitokea mlangoni akijipitisha kidole shingoni. Tauno akamkonyeza.

Alipomaliza akarudi kwenye kusikia, ajionee ushindi.

"...na tulishampa!" Veijo alikuwa anasema. "Nilimwambia zamu ibaki yake, Lahja mwenyewe akampongeza, yeye anaendelea kumtukana! Basi Lahja achukue Jumamosi, Tauno apewe Jumanne saa nane mchana. Tauno, una pingamizi?"

"Ninalo!" Tauno akapiga kelele, hedifoni zikiwa upande wa kusikia.

"Kimya. Amekubali. Wengine je?"

"Na mimi nakubali," ikasema sauti safi kabisa, ambayo Tauno aliisikia mara mbili: masikioni, na kutoka jikoni.

"Sirkka!"

"Nini, baba? Lahja kaniambia twende saunani pamoja. Na wewe, miaka arobaini ukisema husikii, hata bila hedifoni."

Jumamosi saa kumi na mbili Sirkka akapita na taulo begani, akicheka na Lahja kwenye ngazi. Tauno akafungua jukwaa. Kijana mmoja mgeni alikuwa analalamikia hedifoni za aina ile ile, mfumo ule ule.

Tauno akafikiri kidogo, kisha akamwandikia: "Kwangu zinafanya kazi vizuri."