Aliyemtuma Riziki Maji

Mwajuma alipoletwa mjini Gitega kuishi na mwanawe Sefu, wiki haikuisha kabla nyumba haijabadilika. Alikuta robine ya uani, bomba la maji, inadondosha usiku kucha. Akangoja maji yakatike, kama yalivyozoea kukatika mtaani kwao, akaifungua, akaivika kipande cha mpira wa tairi kuukuu na kuikaza. Ikanyamaza.

Zuena, mke wa Sefu, alikulia mjini, na tangu utoto aliosha lengalenga zake chini ya robine iliyo wazi. Mama mkwe akaweka beseni. Maji ya mboga yakawa ya vitunguu vya nyuma ya nyumba, tena yamwagwe jua likishapoa, yasikaushwe bure. Maji ya mwisho ya kufulia yakawa ya kusugulia choo. Maharage yalilowekwa tangu jioni, yakapikwa chungu kimefunikwa. Watoto walipiga mswaki kwa kikombe, na bibi yao mwenyewe alitawadha kwa kibirika kidogo, akimaliza kinabaki na maji.

Zuena alikereka mwanzoni, kisha akazoea, kisha akapenda. Sefu ndiye aliyeshindwa. Akirudi kutoka kwenye cherehani yake sokoni, alifungulia robine mpaka mwisho, akanawa miguu huku maji yakikimbilia mferejini.

"Mama, hapa ni mjini," alisema siku moja bila kumtazama. "Maji iko. Wacha watoto waishi."

Mwajuma alingoja mwanawe aingie ndani, akanyanyuka taratibu akaifunga robine.

Zuena aliona aibu kwa niaba ya mumewe. Alasiri moja, walipokuwa wanachambua mchele wawili tu, akamuuliza mama mkwe kisa cha ugomvi ule.

"Si ugomvi," Mwajuma alisema. "Sefu alikuwa na dada, Riziki. Hakukuambia?"

Zuena alitikisa kichwa. Miaka yote ya ndoa, jina hilo hakuwahi kulisikia.

"Ilikuwa kwetu Gasorwe, kabla ya vita. Kiangazi, kesho yake Idi. Riziki alishachota asubuhi, akachoka. Jioni nataka kupika, nakuta bidoni za maji zote tupu. Mi nikamwambia arudi bondeni. Alisema, mama, miguu inauma. Nikamwambia, nenda tu, we ni mtoto mzuri." Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye mchele. "Njia ya chemchemi ilikuwa imemomonyoka. Walimleta wamembeba kwenye mkeka, ameshafariki. Mi ndiye nilimtuma. Ningekuwa nimeangalia maji yangu tangu mchana, nisingemtuma."

"Na Sefu?"

"Sefu tangu siku hiyo hajataja jina lake. Naona ananichukia kwa hilo, na sina cha kumwambia. Ana haki."

Zuena alitaka kuyafikisha maneno hayo kwa mumewe usiku uleule. Alijaribu mara mbili. Kila alipofungua mdomo, Sefu alikuwa amechoka, au watoto wako karibu. Halafu Mwajuma akaanza kuugua tumbo. Alipoona hapati nafuu aliomba jambo moja, kwamba arudishwe Gasorwe. Sefu alimpeleka, Zuena akabaki na watoto. Simu ilipokuja, mama alikuwa ameshafariki.

Zuena alifika Gasorwe, mkoani Muyinga, katikati ya kiangazi, milima imekuwa ya kahawia. Msibani wanawake walikuwa wamekusanyika, sanda iko tayari, lakini maji ya kumuoshea marehemu hayakutosha. Vijana wakanyanyuka kwenda bondeni. Sefu akawazuia. Akachukua bidoni mbili akashuka peke yake, kwa njia ambayo hakuwa ameikanyaga tangu ujana wake. Alirudi shati limelowa mgongo mzima, akaziweka mlangoni.

Zuena na wazee wawili wa kike wakamwosha Mwajuma. Waliyamimina maji polepole, kutoka kichwani hadi miguuni, kama inavyotakiwa, na hakuna aliyemwaga ya ziada.

Baada ya maziko Zuena alimkuta mumewe nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta.

"Mama aliniambia habari za Riziki," alisema. "Alisema yeye ndiye alimtuma."

Sefu aligeuka kumtazama. "Alisema hivyo?"

"Alisema angekuwa ameyaangalia maji yake tangu mchana, asingemtuma. Alidhani unamchukia."

"Zuena." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Yale maji nilioshea baiskeli mimi. Bidoni zote. Nilitaka ing'ae siku ya Idi. Mama alikuwa sokoni, hakuona. Nilidhani anajua. Kila alipofunga robine ile, nilidhani ananiambia mimi."

Akateleza ukutani taratibu mpaka akakaa chini. Zuena akakaa kando yake. Mtu pekee ambaye neno hilo lingemfaa walikuwa wametoka kumfukia.

Walirudi Gitega. Mvua za Septemba zilipokaribia, Sefu alinunua mabati, akayakunja kuwa mifereji, akaifunga pembeni mwa paa na kuielekeza kwenye pipa. Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri. Watoto wakakimbilia dirishani kuona pipa linavyojaa. Binti yao mdogo akauliza maji hayo ni ya nani.

"Ya shangazi yenu Riziki," Sefu alisema, kisha akatoka nje, akasimama kwenye mvua akiwa amewapa mgongo.