Roboti Lenye Adabu

Asubuhi ile Mama Kengele alipangusa meza, akakisogeza kikombe cha chai mbali na kompyuta, akavaa miwani yake iliyofungwa mkono mmoja kwa uzi mweusi, kisha akaketi ili aifunge programu yake moja kwa moja. Hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa kama mwenye duka lisiloingiwa na mteja: anafagia kwanza vizuri, ndipo anatia kufuli.

Jina hilo alipewa shuleni, alikokuwa karani mpaka alipostaafu. Ofisi yake ilikuwa na dirisha moja, kabati la mafaili na swichi ya kengele ukutani, na swichi hiyo ndiyo iliyomtesa. Anapokea mzazi, kengele inamngoja. Anakwenda msalani, kengele inamngoja. Basi akaanza kubaki jioni katika chumba cha kompyuta, akijifunza huku akikosea na kufuta, mpaka akaandika programu ya kupiga kengele yenyewe kwenye vipaza sauti. Unaipa ratiba ya vipindi, nayo inashika kazi, hata siku za mitihani ratiba inapovurugika.

Alipoimaliza aliiweka mtandaoni iwe programu huria. Maana yake, msimbo wake wote, yale maagizo yanayoiendesha, uko wazi kwa kila mtu. Anayeutaka auchukue, ausome, aurekebishe, autumie shuleni kwake, hatoi senti wala habishi hodi.

Hapo kwenye kutobisha hodi ndipo palipokuja kumuuma. Programu nyingi siku hizi hupeleka habari kwa aliyezitengeneza: nani anazitumia, wapi, kwa muda gani. Yeye alikataa kuweka kitu cha namna hiyo. "Sitaki kuchungulia shule za watu," alisema. Kwa hiyo hakujua hata siku moja kengele zake zinalia wapi. Kilichobaki ni ukurasa wa maswali tu, ambako mwenye tatizo huandika na wengine hujibu.

Halafu mumewe akaugua. Alikuwa mwalimu wa hesabu shule hiyohiyo, mtu wa mzaha, mpenda kula. Siku zile za kushinda hospitali na chupa ya uji mkononi, simu ya Mama Kengele haikutulia: fulani anauliza hiki, fulani kile kimegoma. Akazima barua pepe zote za programu. Tena akatega roboti, yaani kijiprogramu kingine kinachozungukia ukurasa wa maswali, na mjadala uliolala bila majibu kinaufunga. Maneno ya roboti aliyaandika mwenyewe, kwa adabu ya dirisha la ofisi: "Samahani mpendwa. Mazungumzo haya yamekaa kimya, tutayafunga hivi karibuni. Kama bado upo, sema neno moja tu."

Mume akafariki. Msiba ukapita, watu wakarudi makwao, binti yao akarudi mji wake wa kazi. Mama Kengele akahamia vyumba viwili ghorofa ya pili, vyenye dirisha linalotazama ukuta na kipande cha anga. Roboti alilisahau kabisa. Muda mrefu baadaye, alipopata nguvu ya kuwasha kompyuta, akafungua ukurasa wa maswali akaukuta mweupe. Hakuna swali hata moja. Akarudi wiki nyingine, mwezi mwingine, kimya. Akasema moyoni: haya, basi, haitumiki tena.

Sasa tovuti inayotunza programu yake ilikuwa imeleta sheria mpya. Nywila peke yake haitoshi, lazima uongeze na namba inayotokea kwenye simu, la sivyo hutaweza kubadili kitu. Binti yake alimwelekeza kwa simu, hatua moja baada ya nyingine, kwa subira ya kuhesabika.

"Mama, hiyo siyo namba, hiyo ni saa."

"Nimeona. Nilikuwa nakupima."

Alipoingia ndipo aliposema, kwa kuwa nimeshaingia, kesho asubuhi niifunge. Lakini asubuhi hiyo, kabla ya kufunga, alitaka kuliona swali la kwanza kabisa, maana liliandikwa na mumewe kwa utani: "Kengele ya mapumziko inachelewa. Ni mimi, mwalimu mwenye njaa." Swali hilo lilikwishajibiwa zamani. Ili alione ilimbidi abonyeze kineno kidogo pembeni kilichosema "Yaliyofungwa." Miezi yote ile hakuwahi kukibonyeza.

Akabonyeza. Ukurasa ukajaa. Akasogeza chini, akasogeza, ukawa hauishi.

Kulikuwa na mtu aliyejiita Fundi Taa, fundi umeme wa shule ya watoto viziwi. Aliandika: "Watoto wetu hawasikii. Inawezekana kengele iwashe taa badala ya kulia?" Hakujibiwa. Roboti likaja na adabu zake. Fundi Taa akaandika, "Nipo." Kimya. Roboti likaja tena. "Bado nipo." Mara ya tatu hakujibu, na roboti likafunga.

Mama Kengele alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya kanga, ingawa haikuwa na uchafu.

Walikuwepo wengine: mlinzi wa bweni, mwalimu wa zamu, mtu aliyelalamika kwamba kengele ililia siku ya mapumziko ikamtoa mbio na sabuni kichwani. Walipoona hawajibiwi wakaanza kujibizana wao kwa wao na kupeana vipande vya msimbo. Mmoja akauliza, "Jamani, mwenyewe yuko wapi?" Mwingine akasema, "Labda amefariki. Kama yupo hai na aseme." Hakuna aliyesema. Roboti likafunga kwa kuwa hakuna aliyejibu, na hapo watu wakaridhika kwamba ni kweli. Kwenye mjadala mpya Fundi Taa akamalizia: "Basi tuchukue nakala tuiendeleze wenyewe. Tunahamia huku." Akaweka anwani.

Aliifuata anwani ile kama mtu anayeingia nyumba ya watu kwa mlango wa uani. Programu ilikuwa yake, ila imenenepa, imependeza. Ina taa. Ina kengele ya dharura. Inaendeshwa na kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani. Na juu kabisa, kwenye maelezo, wameandika: "Programu hii ilianzishwa na marehemu karani mmoja wa shule. Mungu ampumzishe kwa amani."

Akampigia binti yake.

"Mwanangu, nimekufa."

"Mama, nipo kazini. Umekufa vipi?"

"Mtandaoni. Wameniandika marehemu, na kuniombea wameniombea vizuri tu."

Upande wa pili kilisikika kicheko cha mtu aliyefunika mdomo. "Waandikie basi, uwaambie upo."

"Niwaambie ili iweje? Kazi inakwenda. Marehemu halaumiwi na mtu. Nikifufuka ndipo wataanza, mbona hukujibu, mbona hiki, mbona kile."

"Mama."

"Abee."

"Unakula?"

"Nakula."

"Waandikie."

Aliosha kikombe, akaanika kanga, akafagia palipokwisha kufagiwa. Kisha akaketi. Katika kazi hii mtu hapigi kelele. Akiona kosa kwenye kitu cha wenzake, huchukua faili, hulirekebisha, hulituma kama pendekezo, na wenye funguo, yaani wanaoitunza programu, hulikubali au hulikataa. Akafungua maelezo, akaondoa neno moja: marehemu. Na lile ombi la kupumzishwa kwa amani akaliacha, maana alilihitaji.

Kuna kisanduku cha kueleza sababu. Aliandika, "Sijafa." Akaona ni kama ugomvi, akafuta. Akaandika kama wanavyoandika wote wenye haya: "Marekebisho madogo ya maelezo." Akatuma, na jina lake, Mama Kengele, likajiandika pembeni. Nani duniani atakimbilia kufungua marekebisho madogo ya maelezo? Lakini hilo hakuliwaza.

Akangoja. Asubuhi alifungua kabla ya chai, mchana baada ya vyombo. Hakuna kitu. Mara nyingine alijikuta amekaa tu mbele ya kompyuta, mikono mapajani, kama mgeni ambaye wenyeji wamemsahau sebuleni. Jirani wa chini alikuwa akicheka na mtu, na sauti ilipanda kwa ngazi ikaishia mlangoni pake. Alifikiri: wameona, hawana la kusema. Mtu akishazikwa, akirudi anasumbua.

Siku moja barua pepe ikaingia. Akavaa miwani upande upande, akasoma:

"Samahani mpendwa. Mazungumzo haya yamekaa kimya, tutayafunga hivi karibuni. Kama bado upo, sema neno moja tu."

Ilimchukua muda kuelewa anasemeshwa na nani. Wale watu walipobeba programu walibeba kila kitu kilichokuwemo, na roboti pia. Ni maneno yake mwenyewe, na adabu yake mwenyewe, yamezunguka huko yamerudi kumtoa nje. Sasa ndipo alipojua Fundi Taa alivyojisikia.

Akaandika, herufi moja moja: "Nipo."

Akaketi tena kungoja. Jambo dogo lilikuwa limempita, yeye aliyekaa na ratiba za shule maisha yake yote: zilikuwa siku za likizo. Wenye funguo wote walikuwa watu wa shule, na wakati wa likizo hakuna anayekumbuka kengele.

Alilikumbuka siku aliposikia kengele kutoka shule iliyo nyuma ya mapaa, na kelele za watoto wanaopanga mistari. Hakujua kengele ile inapigwa na nini. Siku hiyohiyo, akiwa anamenya kitunguu, barua ikaja.

"Mama, shikamoo," aliandika Fundi Taa. "Shule zimefunguliwa leo, ndiyo kwanza naona. Tulikuzika bila kukuuliza, tusamehe sana. Neno nimeliondoa. Sasa kwa kuwa upo, kuna kitu hakuna anayekielewa na wote tunaogopa kukigusa. Kengele nyingine zote zinafuata saa, lakini ya mapumziko umeilazimisha ilie dakika moja kabla. Ni kosa? Tuirekebishe?"

Mama Kengele alinawa mikono, akarudi, akasoma tena. Harufu ya kitunguu haikutoka vidoleni. Dakika ile alimpa mume wake siku ileile alipolalamika, na hakuwahi kuandika sababu yake popote. Shule zote zile, watoto wote wale, na kumbe kila siku wanatoka mapema kidogo kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hawamjui.

"Marahaba mwanangu," akaanza. "Siyo kosa. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu."

Akasimama hapo. Nyuma ya mapaa kengele ililia tena, watoto wakatoka. Akavuta kiti karibu na meza, akaendelea kuandika.