Vipele vya Baba

Drusilla alikuwa msusi hodari mjini Kisii, lakini asubuhi hiyo hakugusa kichwa cha mtu. Alikuwa ameinama mbele ya tangi la vioo pale saluni, akimkodolea macho mmoja wa samaki wake wawili wa rangi ya dhahabu. Mashavu ya samaki huyo yalikuwa yameota vipele vyeupe, vidogo kama punje za chumvi.

Samaki huyo aliachwa na marehemu mamake. Bibi yule alipokuwa akija mjini kutoka Nyacheki kwa matibabu, alishinda saluni akimlisha samaki na kumsengenyea wateja. Alipofariki, Drusilla alimpa samaki jina la Baba, maana kwa Ekegusii baba ni mama. Mzazi wa kiume huitwa tata. Kila akifungua saluni alimsalimu, "Bwakire, Baba," na siku yake ikanyooka. Sasa alipofikiria kumpoteza Baba mara ya pili, machozi yalimlengalenga.

Ochoki, fundi viatu wa mlango wa pili, alichungulia akatoa hukumu bila kuulizwa.

"Hiyo ni ugonjwa, dada. Itupe kabla iambukize ile ingine."

Drusilla alimhamishia Baba kwenye beseni, akamwaga chumvi ya kutosha kuunga maharagwe ya harusi, kisha akapigia simu duka lililouza samaki wa kufuga. Simu ilipokelewa na Urvish, kijana aliyetoka Mombasa juzijuzi kumsaidia mjomba wake Ishwar, mwenye duka.

"Nisaidie, Baba ako na vipele kwa mashavu."

"Pole sana, mama. Anakula?"

"Anakula vizuri. Lakini nimemweka kwa beseni ya maji ya chumvi, na sasa amelala upande."

"Mama, mzee wa watu umemtia ndani ya beseni? Mpeleke hospitali sasa hivi."

"Hospitali gani inatibu samaki?"

Walipoelewana, Urvish alikuja mbio. Kabla ya salamu alimtoa Baba kwenye chumvi, akamtia ndani ya ndoo ya maji aliyoyachota tangini. Drusilla alisimama kando, kitana mkononi, roho juu. Taratibu samaki akajiinua, akaanza kupunga mkia. Urvish akammulika kwa tochi ya simu.

"Ugonjwa wa madoa meupe hutapakaa mwili mzima mpaka mkiani. Hivi viko mashavuni na ukingoni mwa mapezi ya mbele tu. Je, humfukuza mwenzake?"

"Wiki yote. Hata kula hamwachi ale."

"Basi haumwi, mama. Huyu ni dume, anatafuta mchumba. Vipele vitaondoka vyenyewe. Dawa yake ni kumrudisha nyumbani, na chumvi uiache jikoni."

Drusilla alicheka hadi akaketi kwenye kiti cha wateja. Furaha ilimjaa tele. Laiti mamake angekuwepo kuusikia umbea huo.

Kesho yake Urvish alipitia kumjulia hali mgonjwa. Drusilla, kwa heshima ya dume, aliinamia tangi akasema, "Bwakire, Tata." Samaki hakushughulika naye. Akajaribu tena kwa sauti ya chini, "Baba." Samaki akageuka, akaja mpaka kwenye kioo, mdomo wazi.

"Unaona?" Urvish akasema. "Anajijua kuwa ni baba."

Drusilla alimwachia imani yake, akachota chakula kidogo na kumlisha mamake.