Kifuniko cha Bakuli la Tokuzo

Nilikifunua kifuniko, nikakipangusa kwa kidole. Kikavu.

Kila asubuhi mimi na mama mkwe tulimpakulia Tokuzo, mume wangu, kama vile yupo: bakuli la wali lenye kifuniko, supu, vijiti. Ndivyo tulivyofanya Maizuru, mji wetu wa bandari huko Japani, kwa kila aliyekuwa safarini. Kifuniko kikitoa matone kwa ndani, yu hai. Kikikauka, hakuna anayetaka kusema.

Tokuzo alikuwa mtu wa boila, matangi ya mvuke unaoendesha meli, kwenye Shimakaze, manowari iliyojengwa hapo hapo kwetu, peke yake, bila meli pacha, ili boila mpya zijaribiwe. Siku aliyorudi kutoka kwenye majaribio ya kasi, nyusi zilikuwa zimeungua, anacheka.

"Leo tumewaacha samaki nyuma, Fusae."

"Nyamaza wewe!" mama yake akamkemea. "Ni siri ya jeshi. Ukimwambia huyu, kesho muuza tofu anajua."

"Muuza tofu ndiye aliyeniambia mimi, mama."

Tulicheka mpaka supu ikapoa. Mwaka uliofuata akaenda vitani kusini, hakurudi tena.

Asubuhi ile ya kifuniko kikavu ilikuwa Novemba. Wali wenyewe ulikuwa kiganja kimoja, shayiri na figili tupu, tena umepoa kabla ya kufunikwa. Nililijua hilo. Hata hivyo nilikipangusa tena. Mama mkwe alikuwa uani akiosha majani, na Tokuzo ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Nikachovya vidole kwenye chai, nikanyunyizia kifuniko, nikamwita.

Alikiangalia muda mrefu, akakisogeza karibu na uso.

"Anatoka jasho mwanangu," akasema. "Boila zinamchemsha."

Tangu siku hiyo nilichovya kila asubuhi, kisha nikapiga magoti mbele ya Buddha Amida, kwenye madhabahu ya nyumbani, kuomba msamaha, maana uongo ni uongo hata ukiwa matone matatu.

Barua ya serikali ilikuja majira ya kuchipua. Meli ilizama Novemba, kwenye ghuba moja ya Ufilipino. Mama mkwe aliikunja, akaiweka madhabahuni, hakulia mbele yangu. Kesho yake nikamkuta anapakua bakuli lile lile.

"Mama," nikamwambia taratibu, "barua imeshakuja."

"Nimeisoma."

Nikashindwa kuvumilia. "Matone yale, mama, nilikuwa…"

"Yalikuwa yananukia chai. Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani unajifariji mwenyewe, mwanangu. Nikakuachia."

Akavuta kikombe chake, akachovya vidole vyake vilivyopasuka kwa baridi, akanyunyizia kifuniko kwa ndani.

"Leo zamu yangu," akasema, akafunika.

Tukafumba macho, tukamtaja Amida. Kisha tukala, na sehemu ya Tokuzo tukaigawana nusu kwa nusu, kama kila siku.